Na Nani?

Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
katika ukumbi wa kanisa, Kariobangi Kusini,
nafundisha Kiingereza watu waliokwisha kuchoka.
Mutheu hushona sare za shule.
Odera hulinda ghala la saruji kule Viwandani.
Guracha huuza maziwa, na harufu yake huingia mbele yake.

Leo ni kauli ya kutendwa, wakati ujao.
Nimeandika ubaoni, chaki ikikwaruza:
kwanza wil, halafu bi,
halafu kitenzi kilichokwisha kutendeka.
Tazameni, nikasema, jambo la kesho
limevalishwa koti la jana.
Halijatokea, na tayari limekwisha.

Kwetu ni herufi moja tu.
Kata, katwa. Lipa, lipwa. Ita, itwa.
W hujipenyeza kabla ya irabu ya mwisho
kama mtu aliyechelewa ibada,
na ikishaketi
mtendaji ameshatokea mlango wa nyuma.

Toeni mifano.

Mikono haikukawia.
Utapigiwa simu, akasema Odera,
anayeingoja simu hiyo tangu Februari.
Maji yatarudishwa. Fomu zitashughulikiwa.
Barabara itatiwa lami, akasema Guracha,
na darasa zima likacheka, hata mzee Khisa
aliyekuja ajifunze kusoma cheti chake cha hospitali.

Papo hapo stima zikapotea.
Ndivyo tunavyosema: zimepotea, kama mbuzi,
kama kwamba hakuna aliyeshika swichi.
Tukaendelea kwa mwanga wa simu.

Mtendaji, nikasema, huja mwisho, nyuma ya neno bai,
lakini waweza kumwacha
ikiwa hajulikani, au hana umuhimu,
au (hili kitabu hakisemi, nililisema kwa sauti ya chini)
ikiwa ndiye aliyeandika tangazo.

Mutheu akainua kidole chenye kovu la sindano.
Mwalimu: nyumba zitabomolewa.
Sahihi.
Na nani?
Si lazima, Mutheu. Sentensi imekamilika.
Imekamilika kwako. Na nani?

Saa mbili na nusu nikakusanya madaftari.
La Mutheu lilikuwa na uzi wa buluu katikati ya kurasa.
Zoezi lilisema: geuza, toka kutenda hadi kutendwa.
Yeye amekwenda kinyumenyume,
kila sentensi akiitafutia mwenyewe.
Afisa wa orofa ya tano atakata maji.
Bosi wa Odera hatampigia Odera.
Na ya kumi, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka:
nafasi tupu, kisha
atabomoa ukuta nilioupaka chokaa mimi, mwezi wa Agosti.
Nafasi yenyewe pana, ingetosha majina matatu.

Kisarufi amekosa. Hakuulizwa hayo.
Nikafungua kalamu nyekundu
niweke alama ile tuijuayo sote, mistari miwili iliyokatana,
nikaukumbuka ukuta wake. Nilipita pale Jumapili.
Mistari miwili, mirefu kuliko mtoto,
rangi ileile, bado inachuruzika kwenye chokaa,
imechorwa...
unaona, hata mimi. Imechorwa.

Nikairudishia kalamu kofia yake.
Odera alikuwa angali akifunga kamba za buti za zamu.
Nikamwomba penseli.
Nikaandika chini ya sentensi ya kumi:
Nimesoma. Kisha jina langu, lote,
Absalom Wekhanya Situma, pamoja na tarehe,
kama mtu anayetia sahihi kituo cha polisi.

Ile nafasi sikuijaza. Silijui jina.
Nasema silijui.
Mutheu alikuwa amesimama nyuma yangu, akisoma,
na mwanga wa simu yake haukutikisika.